Je, ni kweli tumekosa barabara kwa sababu kijiji chetu kina watu wachache?

*"Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika kijiji cha milimani, Wilaya ya Lushoto, upande wa Bumbuli. Tuna vitongoji vitano. Sensa ya 2022 ilitupa watu 1,940, lakini daftari letu linasoma 2,600 katika kaya 430. Kutoka barabara kubwa hadi shuleni kwetu ni kilomita 7 za udongo. Kiangazi Canter inapanda. Masika hakipandi kitu ila bodaboda, na gunia la viazi linalobebwa kwa shilingi 4,000 kiangazi linafika 10,000. Kila tukiomba barabara tunaambiwa watu wetu ni wachache. Tufanye nini: tudai kuhesabiwa upya, au tudai greda ituchongee njia yote? Na tutapataje Hiace ya kila siku?"*

Ndugu mwenyekiti, swali lako lina mambo matatu yaliyoshikana: hesabu ya watu, hali ya njia, na chombo cha usafiri. Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayowaumiza zaidi na ndiyo itakayowapotezea muda mwingi mkiing'ang'ania.

Sensa ya Tanzania humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, na kwa sensa iliyopita huo ni usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Kijana wenu aliyelala Kariakoo usiku ule ni mtu wa Dar es Salaam. Binti aliye bweni Korogwe alihesabiwa shuleni kwake. Daftari la kijiji halifanyi hivyo. Linaandika wenyeji, na mwenyeji hata akikaa Tanga miaka sita jina lake halifutwi, kwa sababu nyumba ni yake, shamba ni lake na akifa atazikwa hapo. Kwa hiyo namba mbili hizi hazigombani. Kila moja inajibu swali lake.

Kuna kipimo rahisi cha kuona ni ipi iliyo karibu na watu wanaoishi hapo leo. Gawanya watu kwa kaya. Watu 1,940 kwa kaya 430 ni watu 4.5 kwa kaya, na wastani wa taifa katika sensa ya 2022 ni 4.3. Watu 2,600 kwa kaya zilezile ni 6. Ofisa mipango yeyote akiiona hiyo 6 atajua papo hapo kwamba daftari lina watu walioondoka, na kuanzia hapo ataitilia shaka kila namba mtakayompa. Msiende na 2,600. Wala msichukue 1,940 mkaizidisha kwa kasi ya ongezeko la taifa, asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Tanga wenyewe umeongezeka polepole zaidi: kutoka watu 2,045,205 mwaka 2012 hadi 2,615,597 mwaka 2022, sawa na asilimia 2.5 hivi kwa mwaka. Na kijiji cha milimani kinachopeleka vijana mjini huweza kuwa chini hata ya hapo.

Kuhesabiwa upya hakupo. Sensa ni ya kila baada ya miaka kumi. Mnachoweza kufanya, na kina nguvu, ni kusafisha daftari. Kila mwenyekiti wa kitongoji apite kaya kwa kaya na kuandika safu tatu: wanaolala hapo wengi wa miezi ya mwaka, walio masomoni, na wenyeji wanaoishi kwingine. Afisa Mtendaji wa Kijiji agonge muhuri na daftari lisomwe kwenye Mkutano Mkuu. Mkihitaji namba ya sensa ya kijiji chenu kwa maandishi, mwandikieni Meneja wa Takwimu wa Mkoa. Namba ndogo inayoaminika itawafaa kuliko kubwa inayobishaniwa.

Sasa kwenye kiini. Mnaambiwa watu ni wachache, nanyi mnajibu "hapana, tuko wengi". Kwa jibu hilo mmeikubali hoja yao. Barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, tangu 2017, na mtandao wake unazidi kilomita 144,000 nchi nzima, sehemu kubwa ikiwa ya udongo na changarawe. Mhandisi wa wilaya hawezi kuzifikia zote kwa mwaka mmoja. Anachagua, na idadi ya watu ni kitu kimoja tu kati ya vingi anavyotazama. Anataka kujua kama barabara imo kwenye orodha, iko daraja (ngazi) gani, inapitisha nini, inaunganisha huduma gani, na inakatika wapi na kwa siku ngapi. Hayo ndiyo mnayopaswa kumpelekea.

La kwanza kabisa ni orodha. TARURA ina mfumo wake wa taarifa za barabara uitwao DROMAS. Barabara isiyomo humo ni vigumu sana kuipatia fedha za matengenezo za Mfuko wa Barabara, hata iwe na watu elfu kumi. Nendeni ofisi ya Meneja wa TARURA wa wilaya mkiwa na maswali manne tu: barabara yetu imo? kwa jina gani? kwa urefu gani? daraja gani? Swali la urefu msiliruke. Hutokea barabara ikaandikwa kilomita 4 kwa sababu aliyeipima aliishia kijito kilipoizuia gari yake, na zile 3 za juu zikabaki njia ya watu tu kwenye karatasi. Ikiwa haimo au imo nusu, ombi linaanzia Mkutano Mkuu wa Kijiji, linapita Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani wenu, linaingia halmashauri, na mambo ya kupandisha daraja yanafika Bodi ya Barabara ya Mkoa. Ni njia ndefu, lakini ndiyo njia. Na msiende kama waomba sadaka. Tangu mwaka wa fedha 2021/22 kila lita ya petroli na dizeli inakatwa shilingi 100 za ziada kwa ajili ya TARURA, na bodaboda zenu zinazilipa kila siku.

Pili, hesabuni barabara yenyewe. Simamisheni vijana wawili kwenye njia panda kwa siku saba mfululizo, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na angalau siku moja kati ya hizo wakeshe saa 24, kwa sababu mboga husafiri usiku. Siku ya gulio iwemo. Waandike kila kinachopita, kwenda na kurudi, kwa makundi: waendao kwa miguu, wenye mzigo kichwani, baiskeli, pikipiki yenye abiria, pikipiki yenye mzigo, gari ndogo, Noah na Hiace, Canter, Fuso. Fanyeni hivyo mara mbili, kiangazi na masika. Mkihesabu masika peke yake mtapata magari sifuri, na asiyejua atasema njia haina haja ya magari. Ndiyo maana safu ya mizigo ya kichwani na ya pikipiki ni ya thamani: inaonesha shehena ambayo ingepanda gari kama gari lingefika.

Nichukue mfano wa siku moja ya gulio. Akina mama 40 wenye kilo 20 kila mmoja ni kilo 800. Safari 25 za bodaboda zenye gunia la kilo 100 ni kilo 2,500. Jumla kilo 3,300, yaani Canter moja imejaa. Sasa bei: kwa namba zako mwenyewe, gunia la masika linazidi la kiangazi kwa shilingi 6,000. Magunia 25 ni shilingi 150,000 kwa gulio moja. Kama magulio ni mawili kwa wiki na njia ikafungwa kwa siku 60, hayo ni magulio 17, na kijiji kimepoteza zaidi ya milioni mbili na nusu kwenye nauli ya viazi pekee. Hapo hujagusa kabichi iliyooza shambani wala nyanya zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Pelekeni hesabu ya namna hii, yenye namba zenu halisi, na habari ya "wachache" itakosa pa kukaa.

Kuna kipimo kingine kinachotumika duniani kote: ni watu wangapi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima, yaani mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu. Kifanyeni kwa kila kitongoji, msikifanye kwa kijiji kizima. Kitongoji cha chini kinaweza kuwa ndani ya kilomita 2, na kijiji chote kikaandikwa kimefikiwa huku vitongoji vinne vya juu vimekatika. Kaya ngapi ziko nje ya kilomita 2? Namba hiyo iwe sentensi ya kwanza ya barua yenu.

Na ya pili iwe ya wajawazito. Kwa watu 1,940, kwa kiwango cha uzazi cha nchi, tarajieni watoto 65 hadi 70 kwa mwaka, watano au sita kila mwezi. Kwa makadirio ya kawaida ya kitaalamu, mimba 15 kati ya 100 hupata tatizo linalohitaji hospitali. Kwenu ni kama wanawake kumi kwa mwaka, na baadhi yao watapatwa Aprili. Hili lisisubiri barabara. Mfumo wa m-mama, wa usafiri wa dharura wa wajawazito, unapigiwa simu bure namba 115, na unatumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa jamii waliosajiliwa. Ulizeni hospitali ya wilaya ni dereva gani aliye karibu nanyi, kisha mpangane naye mahali pa kukutana wakati wa mvua: machela inateremka hadi hapo, gari linasubiri hapo. Mahali hapo pajulikane na kila kaya kabla ya Machi.

Sasa greda. Hapa nitakwenda kinyume na mnavyotamani. Msiombe greda ichonge kilomita zote 7.

Kinachoua barabara ya udongo ni maji kukosa pa kutokea. Magari huja kumalizia tu. Greda ikipita bila mitaro, inakwangua udongo wa juu na kuusukuma pembeni. Njia inapendeza mwezi mmoja. Lakini imeshuka kidogo, na kingo zimeinuka. Mwaka wa pili inashuka tena. Baada ya miaka michache barabara iko chini kuliko mashamba ya kando, na mvua ya kwanza inaigeuza kijito. Tazama njia yenu penye mlima: kama ukisimama katikati ya njia kingo zinakufikia magotini, basi ndilo lililotokea.

Barabara ya upana wa mita 5 inatakiwa iwe na mgongo. Katikati pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 13 hadi 15, ikiwa imeshindiliwa. Maji yaanguke kando kwenye mtaro, na mtaro usiyabebe mbali: kila mita 20 hadi 50 yatolewe kwa mchepuo kwenda bondeni. Huko bondeni ni shamba la mtu, kwa hiyo zungumzeni naye kwanza na mchepuo uishie kwenye majani au matuta, usije ukamchimbia korongo. Penye mteremko, mtaro wenyewe unachimbika, na dawa yake ni vizuizi vya mawe au mambo za miti vinavyopunguza mbio za maji. Nafasi kati ya kizuizi na kizuizi inategemea mteremko: asilimia 5, weka kila mita 13, asilimia 8, kila mita 7, asilimia 10, kila mita 5. Kupima mteremko, vuta kamba mita 10 kutoka juu, inyooshe sawasawa kwa mpira wa maji wa fundi, kisha pima kutoka kamba hadi ardhi upande wa chini. Ukipata sentimita 80, ni asilimia 8. Kosa linalorudiwa sana ni kujenga kizuizi kilichonyooka juu kama tofali. Katikati yake pawe chini kuliko ncha, la sivyo maji yatazunguka pembeni na kuila barabara mliyotaka kuiokoa.

Penye mlima mkali hata kifusi kizuri hakidumu. Changarawe ya sentimita 15 kwenye mteremko wa zaidi ya asilimia 10 huondoka na masika moja au mbili. Hapo panahitaji zege au mawe yaliyopangwa, walau kwenye njia mbili za matairi. Na pale kwenye kijito panahitaji kalavati au daraja. Bomba la sentimita 60 ndilo dogo kabisa linaloweza kusafishwa na mtu. La 90 ni bora kwa mto unaoleta magogo. Juu ya bomba la sentimita 60 udongo ulioshindiliwa usipungue sentimita 45, kwani gari zito likipita juu ya udongo mwembamba bomba hupasuka. Kwa sehemu zenye mawe mengi kama kwenu, mwulizeni mhandisi kuhusu madaraja ya mawe ambayo TARURA imekuwa ikiyajenga mikoani kwa gharama ndogo kuliko ya zege na nondo.

Kwa hiyo ombi lenu liandikwe kwa lugha ya bajeti yao: matengenezo ya sehemu korofi. Pimeni njia kuanzia njia panda kwa gurudumu la baiskeli. La baiskeli ya 28 hutembea mita 2.2 hivi kwa mzunguko, ila lipimeni lenu kwa alama ya chaki. Kisha orodhesheni: mita 1,150 hadi 1,210, maji yanakatiza, mita 2,900 hadi 3,150, mteremko asilimia 11, utelezi, mita 4,020, kijito, hakuna kalavati. Kila sehemu na picha mbili, ya kiangazi na ya masika, zenye tarehe. Mara nyingi mtakuta kinachofunga kilomita 7 ni mita 500 au 600 tu zikijumlishwa. Ombi la mita 600 linaingia kwenye bajeti ya mwaka mmoja. La kilomita 7 za kifusi huahirishwa hadi mwakani, na mwakani tena. Udhaifu wake ni kwamba halitawapa barabara ya kukimbiza. Litawapa inayopitika Aprili. Kwa kijiji cha ukubwa wenu, ningeanza hapo bila kusita.

Muda nao una maana. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mipango inaandikwa tangu Oktoba na Novemba. Muhtasari wa Mkutano Mkuu uwe mezani kwa diwani na kwa Meneja wa TARURA kabla ya hapo. Barua ya Mei, wakati gari limezama, inakuta fedha zimeshagawanywa. Kwa vitu vidogo, kama saruji na mabomba ya kalavati moja, jaribuni Mfuko wa Jimbo kupitia mbunge.

Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, bado una kazi kubwa, ukielekezwa panapostahili. Kuzibua mitaro na midomo ya makalavati mwezi Februari na tena Septemba, kufyeka kando, kuchimba michepuo: hayo ni ya jembe na sururu. Msijaze mashimo kwa udongo wa mfinyanzi au migomba. Vinashika maji na shimo hurudi kubwa zaidi. Jazeni mawe, kisha changarawe, mkishindilia kila tabaka la sentimita 10. Msipanue barabara kwa kula shamba la mtu kwa makubaliano ya mdomo. Anayetoa ardhi aandikwe kwenye muhtasari, kwa vipimo, mbele ya mashahidi. Na kama mnataka kuzuia Fuso zilizojaa zisipande siku za mvua kubwa, jambo zuri sana, pitisheni sheria ndogo ya kijiji iidhinishwe na halmashauri, tena kwa kukubaliana na TARURA, kwa sababu barabara ya umma haifungwi kwa gogo la watu wachache.

Kuhusu Hiace ya kila siku, nitasema wazi: kwa sasa msiitafute. Mwenye gari anapiga hesabu ya mafuta, matairi, springi na saa za kusubiri abiria. Watu 1,940, wengi wao watoto wa shule na wazee, hawajazi gari kwenda na kurudi kila siku. Lakini wanaijaza siku za gulio. Mpateni mwenye Noah au Hiace mmoja, mpeni siku mbili au tatu za wiki zisizobadilika, alale kijijini na kushuka alfajiri, kisha apande jioni. Aombe leseni ya njia hiyo LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, asije akakamatwa barabara kubwa mkampoteza. Kwa mazao, chagueni kiwanja kimoja kando ya njia, pasipo mteremko, magunia yote yakusanyike hapo usiku wa kuamkia gulio. Canter inayojaza sehemu moja kwa saa moja inakubali bei ambayo inayozunguka vitongoji vitano haiwezi kukubali. Gari likizoea, siku zitaongezeka zenyewe.

Yako mambo ambayo jembe lisiyaguse. Mkiona nyufa ndefu ardhini juu ya barabara zinazofuata mlima, miti iliyokuwa wima imeanza kuinama, au chemchemi imetokea pasipokuwa na maji, huo mlima unatembea. Vivyo hivyo mto ukichimba chini ya nguzo za daraja hata kama juu pazuri, au ukingo wa bondeni ukikatika na kuingia kwenye njia ya tairi. Zuieni magari siku hiyohiyo, wekeni alama inayoonekana usiku, mpigieni Afisa Mtendaji wa Kata na Meneja wa TARURA, na mtake mhandisi afike mwenyewe kuona. Kaya zilizo chini ya nyufa hizo zilale kwingine hadi atakapofika.